Wakiniombea wenzangu hujibiwa, nikiomba mwenyewe kimya

*Maswali ya wasomaji na majibu yetu*

SWALI: Assalamu alaikum. Mwanangu alikaa miaka 2 bila kazi. Nilimwombea kila baada ya sala, sikuona kitu. Siku moja shangazi yake na mashoga zangu 4 wakaja nyumbani, tukasoma Yasini, shangazi akaomba dua na sisi tukaitikia. Mwezi haujesha, kijana kapata kazi Mombasa. Nimefurahi, lakini kuna jambo laniuma: je, dua yangu mimi haina uzito? Na kila nikipata shida niwe nakusanya watu?
*Mama wa watoto 3, Langoni, Lamu*

JIBU: Waalaikumu salamu, mama yetu. Soma tena barua yako. Shangazi aliomba, nanyi mkaitikia. Katika Surat Yunus, aya ya 89, Mwenyezi Mungu anamjibu Nabii Musa kwa kusema maombi yenu yamekubaliwa, yaani ya wawili, ilhali aliyetajwa kuomba ni Musa peke yake. Wafasiri wameeleza kuwa Musa aliomba na nduguye Harun akaitikia "amin", na mwenye kuitikia ni mwombaji. Basi dua ile ilikuwa yako pia. Tena wewe ni mzazi, na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi yataja dua 3 zisizorudishwa: ya mzazi, ya msafiri na ya aliyedhulumiwa.

Ile miaka 2 nayo usiihesabu kuwa hasara. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri aliyoipokea Imam Ahmad, anayeomba dua isiyo na dhambi wala kukata udugu hupewa moja katika 3: apewe alichoomba, awekewe akiba Akhera, au aepushwe na shari ya kadiri hiyo. Hujui mwanao aliepushwa na nini. Kinachoharibu ni haraka. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mja hujibiwa maadamu hajasema, "Nimeomba na sikujibiwa." Akishasema hivyo hukata tamaa, na akikata tamaa huacha kuomba. Wewe hukuacha.

Kuhusu kukusanya watu, si lazima. Safwan alipofika Sham kumzuru Abu Dardaa, sahaba wa Mtume, hakumkuta, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa. Bibi yule akamuuliza kama anakwenda Hija mwaka ule, akajibu ndiyo. Akamwambia, basi tuombee kheri, kwani dua ya Mwislamu kwa nduguye asiyekuwapo hujibiwa: kichwani pake pana malaika aliyewekwa, kila akimwombea nduguye kheri malaika husema, "Amin, nawe upate mfano wake." Imo katika Sahihi Muslim. Kwa hivyo shangazi anaweza kukuombea akiwa jikoni kwake, na yeye mwenyewe akapata fungu lake.

Lakini jua namna ya kuomba dua kwa watu. "Niombee" peke yake huishia mdomoni, maana aliyeambiwa hana cha kushika. Taja jina la mwenye haja, haja yenyewe na siku yake: "Mwombee mwanangu, Jumatatu asubuhi anakwenda kwenye usaili." Waambie watu 3 unaojua wanasali kuliko kundi la simu la watu 200, ambako kila mmoja hudhani mwenzake ameshaomba. Kisha muulize naye ana haja gani, umwombee. Na kama haja ni maradhi ya mtu mwingine, mtake ruhusa kabla ya kuyataja. Wapo wagonjwa walioumizwa zaidi na maneno ya mtaani kuliko na ugonjwa.

Mkitaka kisomo, Yasini ina aya 83, robo saa yatosha. Hitima, yaani kusoma Kurani nzima, ni juzuu (sehemu) 30. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kwa hivyo juzuu moja ni kama kurasa 20, nusu saa hadi dakika 45 kwa msomaji wa kawaida. Watu 10, kila mmoja juzuu 3. Mkigawana kwa simu, makosa huwa yale yale: watatu wanachukua juzuu ya 30 kwa kuwa sura zake ni fupi na wamezihifadhi tangu chuo cha Kurani, na juzuu ya 7 haina mtu. Andika namba 1 hadi 30, jina mbele ya kila namba, na umweke mtu mmoja wa kutia alama. Anayeona hatamaliza aseme kabla ya Alasiri, mwenzake amsaidie, pasiwe na lawama. Kahawa na tende zatosha. Mwenye kukopa ili apike pilau huogopa kuwaita watu mara ya pili, na hapo ndipo wengi huachia njiani. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya hitima ya pamoja, kwa hivyo jamaa asiyehudhuria msimnunie. Mwambieni aombe akiwa kwake.

Jambo moja zaidi, nalo husahauliwa sana. Wapigie simu wale 5 uwaambie kijana amepata kazi. Aliyeomba usiku hadi machozi yakamtoka asipoambiwa matokeo, hubaki akidhani maneno yake yalipotea hewani. Na uwe na daftari: tarehe, ulichoomba, nani aliombewa, nani aliomba nawe. Moyo hukumbuka ulichonyimwa na husahau ulichopewa.

SWALI: Naamka usiku kuwaombea wazazi. Theluthi ya mwisho ya usiku ni saa ngapi hasa?
*Nahodha, Mokowe*

JIBU: Hesabu kuanzia Magharibi hadi Alfajiri, si kuanzia saa 6. Tuseme jua latua saa 12:30 na Alfajiri ni saa 11:00. Usiku una saa 10 na nusu, theluthi yake ni saa 3 na nusu. Ondoa hizo kutoka saa 11:00, utapata saa 7:30 usiku. Usingizi ukikushinda, una nafasi baina ya adhana na ikama (mwito wa kusimama kusali), na kwenye sijida. Na ukiwa safarini kwenda Kiunga u msafiri, umeshaisoma hadithi yake hapo juu.

SWALI: Niliweka nadhiri: mamangu akipona nichinje mbuzi. Amepona, sina pesa. Na nikipata, naweza kuwaalika marafiki walioniombea tule pamoja?
*Kijana wa Malindi*

JIBU: Tunamshukuru Mungu kwa afya ya mama. Nadhiri ya kumtii Mwenyezi Mungu hutimizwa. Hadithi ya Bi Aisha katika Bukhari yasema aliyeweka nadhiri ya kumtii na amtii. Hubaki kuwa deni juu yako mpaka upate, kwa hivyo tenga kidogo kidogo kila wiki, na kama huna tamaa ya kupata kabisa, mwendee sheikh wa mtaani kwako na maneno halisi uliyotamka, kwani hukumu hufuata maneno hayo.

Hapo kwenye kula ndipo vijana wengi hukosea. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata mwambao huu, mwenye nadhiri hali nyama ya nadhiri yake, wala walio chini ya ulezi wake hawali. Yote ni ya maskini. Marafiki walioniombea, unasema. Kama ni maskini, watakula kwa haki yao. Waliobaki waandalie chai siku nyingine kwa pesa nyingine. Na siku ya kuchinja, usichukue hata ini la kuonja.