Badilisha jina kwenye kadi ya nyumba kabla tingatinga hazijafika

Baba alifariki mwaka 2009. Mpaka 2022 kadi ya nyumba, ile ya upangaji wa nyumba ya manispaa hapa Nakuru, ilikuwa bado na jina lake. Kila mwezi mama alilipa kodi, akapewa risiti yenye jina la marehemu, akaikunja na kuitia kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati. Sisi watoto, tena tuliosoma, hatukujisumbua.

Ndipo wakaja makarani wa kuhesabu wapangaji, maana mtaa ulikuwa unasemekana kubomolewa ujengwe upya. Wakauliza aliye kwenye kadi yuko wapi. Mama akawajibu, "Yuko makaburini." Karani akaandika kwamba mwenye kadi hayupo, akasonga mlango wa pili. Miaka thelathini na kitu ya mama ikaishia hapo.

Ukitaka kuelewa kwa nini wajane wengi wa mitaa ya zamani Nakuru wamo kwenye shimo hilo hilo, anza na reli. Ilifika hapa mwaka 1900, mji ukakua kuizunguka, na wafanyakazi Waafrika wakatengewa vyumba kandokando ya mji: chumba kimoja, choo na bafu za pamoja, mfereji wa kugombania. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mwanamume mmoja akilini, mwenye kazi mjini na mke aliyebaki kijijini. Kadi ikaandikwa jina moja. Wake walikuja, watoto wakazaliwa, manispaa ikaondoka na kaunti ikarithi nyumba mwaka 2013, lakini kadi haikuongezewa jina.

Kwa hivyo usingoje uvumi. Nenda wiki hii ukaangalie kadi inasema nini. Sisi tulitakiwa cheti cha kifo, barua ya chifu na cheti cha ndoa. Hicho cha mwisho hatukuwa nacho, kwa sababu wazee walioana kimila, ikabidi mama aape hati kwa wakili huku wazee wawili wa mtaa wakimshuhudia. Miezi mitano ya kwenda na kurudi. Kilichotuokoa ni mkebe ule: risiti zote zilikuwemo, za zamani zimefifia wino hadi unazisoma kwa kuziinamisha dirishani. Piga picha zako leo.

Kwenye baraza, yaani mkutano wa hadhara, maswali ya mdomo hujibiwa kwa mdomo. Andika barua: tutahamia wapi ujenzi ukiendelea, nani ana haki ya kurudi, kwa bei gani? Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Ukiitaja sheria hiyo kwenye barua, utashangaa simu inavyopigwa haraka.

Sipingi ujenzi. Choo cha pamoja hakina utamu wowote wa kukumbukwa, na waliokisifia naona walihama zamani. Pale mtaa wa Bondeni, hapa hapa Nakuru, zimesimama nyumba 605 za bei nafuu, zina maji ndani. Ila nyumba hizo zinauzwa: unajisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, unaweka akiba ya amana, halafu unalipa kwa miaka. Mpangaji aliyezoea kodi ya manispaa asidhani atakabidhiwa ufunguo tu kwa kuwa alizaliwa hapo.

Jambo moja hakuna fomu inayoliuliza: mlango. Mama hukaanga mahamri barazani kuanzia saa kumi na moja alfajiri, karai juu ya jiko la makaa, sufuria ya mbaazi pembeni. Ghorofa ya nne huwezi kukaanga hivyo, wala mwendesha boda hatapanda ngazi kutafuta chai. Kama unauza kitu mlangoni, kiandikishe, kata kibali cha biashara, omba nafasi ya kibanda ndani ya mpango wenyewe, kabla ramani haijapitishwa.

Makarani waliporudi, safari hii jina lilikuwa la mama. Kwenye kazi karani akaandika "hana". Mama akamshika mkono wenye kalamu. "Futa hapo, mwanangu. Na hayo mahamri uliyokula asubuhi yametoka wapi?"