Timu ya mbio za nyika chuoni: wasichana wanaachwa nyuma, nifanyeje?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Ni mkufunzi katika chuo kimoja hapa Dodoma, na mwaka huu nimekabidhiwa timu ya mbio za nyika, wanaume na wanawake. Wavulana ninao 14. Wasichana walianza 5, wamebaki 3, maana tukitoka alfajiri wanaachwa mbali. Je, niwatenganishe? Na nitashindanaje na vyuo vingine wakati mkimbiaji mkali ninaye mmoja tu?

JIBU: Mwalimu, usiwatenganishe. Nijuavyo mimi, si wavulana wanaowafanya wasichana wengi watoroke mazoezi. Wanachochoka nacho ni kubaki peke yao kwenye njia ya mchanga, giza halijaisha, wenzao wameshapotea mbele. Wapangie muda badala ya umbali. Piga filimbi, wote waondoke. Zikitimia dakika 20, kila mmoja anageuka hapo hapo alipofika na kurudi kwa mwendo ule ule. Aliyetangulia sasa ndiye wa mwisho, anawafukuza wenzake, na wote wanafika getini karibu wakati mmoja. Siku ya kasi tafuta mzunguko wa kilomita 2, hata kandokando ya mashamba ya zabibu, usimame sehemu moja na kuwaona wote. Kagua njia kwanza: mbigili za huku zinatoboa raba.

Makundi yagawe kwa uwezo. Msichana wa dakika 21 kwa kilomita 5 akimbie na mvulana wa dakika 21. Mvulana mgeni wa dakika 27 akae na wenzake wa dakika 27, awe nani awe, na asionewe haya.

Sasa huyo mkali wako. Kwenye mbio za nyika anayeshinda ni timu, na hesabu yake ni kujumlisha nafasi walizomaliza wakimbiaji wake. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kwenye mashindano ya dunia wanakimbia sita, wanahesabiwa wanne wa kwanza. Chukua timu yenye nafasi ya 1, 2, 25 na 31: jumla 59. Nyingine ina 8, 9, 10 na 12: jumla 39, na kombe ni lao ingawa hakuna hata mmoja wao aliyepanda jukwaani. Kwa hiyo mkali mmoja hakupi kombe la timu, hata angekuwa Alphonce Simbu, jirani yetu wa Singida aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025. Muda wako mwingi mpe mkimbiaji wa nne. Kumtoa nafasi ya 31 hadi ya 20 ni rahisi kuliko kumtoa mkali nafasi ya 2 hadi ya 1, na faida yake ni pointi 11.

Mazoezi ya wiki yasikuumize kichwa. Siku moja ya kasi, siku moja ya mbio ndefu, zilizobaki wakimbie polepole kiasi cha kuweza kupiga soga. Wageni kilomita 25 kwa wiki zinatosha kuanzia. Na usiwapunguzie wasichana kwa mazoea tu: tangu Kampala 2017, wanaume na wanawake wakubwa wote hukimbia kilomita 10 kwenye mbio za nyika za dunia. Zamani wanawake walipewa 8, wanaume 12.

Jambo ambalo makocha wa kiume tunaliona aibu kulitaja ni damu. Msichana anayepoteza damu kila mwezi, anayekimbia kila siku na kula ugali na maharage ya kantini, madini ya chuma humwishia upesi. Utamwona anahema kwenye mwendo uliokuwa mwepesi kwake mwezi uliopita. Usimwite mvivu, mpeleke zahanati wapime wingi wa damu, na vidonge vya chuma asinywe kabla ya kipimo. Chai isiandamane na mlo, isogezwe mbele saa moja au zaidi, kwa kuwa huzuia chuma cha maharage na mchicha kuingia mwilini. Juisi ya ubuyu hufanya kinyume chake, na Dodoma ubuyu si wa kutafuta. Akikosa siku zake miezi mitatu mfululizo, huenda hali chakula cha kutosha kwa kazi anayofanya. Mpunguzie mazoezi na umpeleke kwa daktari, kabla mifupa ya miundi haijaanza kupata nyufa. Tafuta mwalimu wa kike au matroni wa kuzungumza naye. Wewe hatakwambia.

Kwa hesabu ya wanne, wasichana 3 hawafanyi timu. Nenda uwanja wa netiboli. Wachezaji wa katikati wana pumzi tayari, wanachokosa ni kilomita tu. Zungumza na kocha wao mapema: Jumanne na Alhamisi abaki nao yeye, wewe omba Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.