Maswali na majibu: Naweza kurefusha baiskeli yangu ya Black Mamba nyumbani?

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Niko Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi, na ninabeba maji kwa Black Mamba. Nataka kuirefusha nyuma ibebe mitungi minne ya lita 20, na baadaye nijifunze kuunda fremu nzima mwenyewe. Nina mashine ya kuchomelea ya stima. Nilijaribu kuunga kipande cha paipu ya maji kwenye bomba la nyuma, chini karibu na ekseli ya pedali. Rodi ya kuchomelea ilitoboa, na pale iliposhika pakapasuka. Nibadilishe rodi? Na ni paipu gani inafaa?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kununua rodi nyingine, chukua msasa ukwangue rangi pale bomba linapoingia kwenye kikopo cha ekseli ya pedali. Utaona mstari mwembamba wa manjano. Hiyo ni brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Fremu za aina hii hazichomelewi kwa stima kiwandani: mabomba huchomekwa ndani ya soketi za chuma, zikapashwa moto, na brasi iliyoyeyuka ikavutwa ikajaza upenyo uliopo kati yake.

Ufa wako ulianzia hapo. Brasi huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, chuma karibu nyuzi 1,500. Ukileta moto wa stima juu ya brasi, zinki iliyomo inachemka na kutoboa tundu ndogondogo kwenye mshono, na shaba inapenya ndani ya chuma kilicho moto. Kikipoa kinabaki na nyufa usizoziona kwa macho, na mzigo wa kwanza mzito unazifungua. Rodi nyembamba itapunguza kutoboa, maana ukuta wa bomba la baiskeli ni kama milimita moja na nusu tu, lakini ufa utarudi. Palipo na brasi, stima isikaribie. Nimeona fremu nyingi nzuri zikiuawa kwa namna hii na watu wenye nia njema, na huniuma kila mara.

Paipu ya maji iache kabisa. Ni nzito, na ile yenye mipako ya zinki hutoa moshi mweupe ukiichoma. Ukiuvuta, jioni unaweza kushikwa na homa na kutetemeka ukadhani ni malaria. Nenda kwa wauza vyuma chakavu utafute fremu za mitumba zilizopinda au kuvunjika uma unaoshika gurudumu la mbele. Beba sumaku: isiponata, ni alumini, iache. Ikinata, hayo ndiyo mabomba yako. Mengi yatakuwa ya kipenyo cha milimita 28.6 kwa bomba la kiti na la mshazari, na 25.4 kwa la juu. Mabomba ya viti na vitanda vya chuma yanafaa kwa keria, lakini usiyatie kwenye bomba la kichwa linaloshika uma.

Sasa kujifunza. Tafuta fundi wa jua kali mwenye gesi ya oksijeni na asetilini, umwombe umlipie muda wa kutumia mtambo wake huku akikusimamia. Mtungi wa gesi si kitu cha kuanza nacho peke yako uani. Wewe unayeshika baiskeli kila siku mikono yako ina grisi, na grisi ikigusa koki ya oksijeni inaweza kuwaka yenyewe. Nawa kwanza, na vaa miwani ya gesi.

Ila kazi kubwa inafanyika kabla ya moto, kwenye jiliwa (chombo cha kubania chuma), kwa tupa ya nusu duara. Mdomo wa bomba lazima uchongwe ukumbatie bomba lenzake pande zote. Chora mkato kwenye karatasi, izungushe kwenye bomba, kata kwa msumeno wa chuma, kisha piga tupa taratibu. Yashike mabomba mawili pamoja uyaelekeze kwenye jua: ukiona mwanga unapita mahali, endelea. Wanaoanza huchoka hapa na kusema brasi itaziba. Brasi inashika vizuri palipobanana. Pengo pana hulijaza tu, halafu panakuwa dhaifu.

Kisha safisha chuma kwa msasa hadi king'ae, ndani na nje, kwa urefu wa vidole viwili. Paka flaksi, yaani dawa inayosaidia brasi ishike chuma: boraksi au ile ya duka. Toboa tundu dogo la milimita 3 kwenye kila bomba litakalozibwa, kwa sababu hewa iliyofungiwa ikipata moto husukuma brasi nje, na inaweza hata kupasua. Pasha bomba zito kwanza. Flaksi itachemka, itatulia, halafu iwe angavu kama kioo, na chuma kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa. Hapo gusisha rodi ya brasi kwenye chuma, wala si kwenye ndimi za moto. Chuma ndicho kiyeyushe rodi. Ikijikunja kuwa vitone vinavyobingirika, chuma bado ni baridi au kichafu. Ikitambaa yenyewe, umefika.

Kiungo chako cha kwanza kikate katikati kwa msumeno uone brasi imefika wapi. Cha pili kibane kwenye jiliwa ukipinde hadi kiachie. Fanya hivyo mpaka bomba lipinde kabla ya kiungo kuachia, ndipo uguse baiskeli ya kupanda mtu.

Kuhusu kurefusha, wazo lako ni sahihi. Mitungi minne ni kilo 80 za maji, na zikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba. Gurudumu likirudi nyuma, mzigo unakaa kati ya magurudumu mawili. Lakini usikate fremu. Unda kiunzi cha pembetatu kinachofungwa kwa bolti kwenye nafasi za ekseli ya nyuma na nyuma ya kikopo cha pedali, halafu gurudumu likae mwisho wa kiunzi. Utaunga minyororo miwili iwe mmoja mrefu. Breki ya nyuma ya Black Mamba huvutwa kwa vyuma, na vyuma hivyo havitafika tena, kwa hiyo panga breki ya waya tangu mwanzo. Usipakie hata mtungi mmoja kabla breki hiyo haijashika.

Kupima unyoofu, funga uzi kwenye nafasi ya ekseli upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe upande wa pili. Umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti uwe sawa kushoto na kulia.

Ukimaliza, loweka viungo kwenye maji ya moto ili flaksi iachie, maana hufunika matundu na hula chuma. Kwa upepo wetu wa chumvi, mimina mafuta ya injini ndani ya mabomba na uache tundu za chini wazi, kisha rangi ya kuzuia kutu. Anza na mitungi miwili kwa wiki nzima, na kila jioni angalia rangi kwenye viungo. Mstari mwembamba wa kutu ni dalili ya ufa: fungua bolti uondoe kiunzi, na unitumie picha kabla hujawasha moto tena.