Wasomaji Wanauliza: Nakshi za Kalamu, Duara na Rangi

Barua za mwezi huu zinafuatia makala yetu kuhusu kuchora nakshi ndogo ndogo za kujirudia ili kutuliza akili. Nyingi zinauliza kuhusu karatasi na wino kuliko kuhusu utulivu wenyewe. Hatushangai: ni vigumu kutulia huku wino unachuja.

Sijui kuchora hata kikombe. Naweza kuanza, na ninunue nini?
*Mama wa nyumbani, Morogoro*

Unaweza, dada, maana hapa hakuna kikombe cha kuchora. Kuna mstari, nukta, duara dogo na upinde, basi, vinarudiwa mpaka nafasi ijae.

Utaratibu ambao wengi wanaufuata uliwekwa na Wamarekani wawili wa Massachusetts, Rick Roberts na Maria Thomas, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wao wakauita Zentangle. Hutumia kipande cha karatasi nzito chenye inchi 3.5 kila upande, yaani karibu sentimita 9. Udogo huo una maana: kazi inaisha kwa kikao kimoja, na ukiharibu hujapoteza karatasi kubwa.

Usiagize chochote kutoka nje. Nunua manila nyeupe ya saizi ya A4 na uikate vipande vya sentimita 9 kwa 9, utapata sita. Ongeza kalamu moja nyeusi ya ncha ya milimita 0.3, penseli ya 2B, na kijiti cha pamba kama vile vya kusafishia masikio. Rula na raba viache dukani. Mstari ukipinda, unaufanya uwe sehemu ya nakshi: unauongezea mwenzake uliopinda vilevile.

Weka nukta nne za penseli karibu na pembe, ziunganishe kupata fremu, kisha ndani yake pitisha mstari mmoja wa penseli unaozunguka ovyo mpaka ugawe nafasi katika vyumba vinne au vitano. Penseli iwe nyepesi sana. Kila chumba kinapata nakshi yake kwa kalamu. Mwisho unatia kivuli kwa 2B kwenye kingo na kukisambaza kwa kijiti cha pamba.

Nakshi ya kwanza iwe ya hilali. Kwenye kingo za chumba chora nusu duara ndogo za milimita 5, zikiachana milimita 3, uzijaze wino zote. Zunguka kila moja kwa upinde, ukiacha mwanya mweupe wa milimita 1. Halafu upinde mwingine juu ya huo, na mwingine, mpaka pinde za pande zote zikutane katikati. Wanaoanza huharibu kwenye mwanya mweupe: wakiharakisha unazibwa, na nakshi nzima inakuwa doa jeusi.

Ya pili ni ya pembetatu, nayo humshangaza kila anayeijaribu kwa sababu mistari yote imenyooka lakini jicho linaona imejikunja. Chora pembetatu. Kutoka pembe ya kwanza, vuta mstari uishie kwenye upande wa mbele, milimita 3 kabla ya pembe ya pili. Hapo ulipoishia, geuza karatasi, vuta mstari mwingine uishie milimita 3 kabla ya pembe ya tatu. Wa tatu unarudi kuishia kwenye mstari ule wa kwanza, milimita 3 kutoka ulikoanzia. Endelea hivyo kuingia ndani. Zungusha karatasi upande uleule siku zote. Ukibadili mwelekeo katikati, nakshi inavunjika na haitengenezeki. Ukiwa na pembetatu mbili zinazogusana, ya pili izungushe kinyume cha ya kwanza uone inavyopendeza.

Wino unasambaa kwenye karatasi kama mizizi. Nikipaka rangi za maji juu yake, unachuja na kuchafua kila kitu. Kalamu ni mbovu?
*Msomaji, Tanga*

Hayo ni matatizo mawili.

Kusambaa ni kosa la karatasi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inanyonya wino kupitia nyuzinyuzi zake, na hewa ya pwani yenye unyevu, hasa wakati wa masika, inazidisha. Tafuta manila au karatasi ya kuchorea ya gramu 200 kwenda juu kwa mita ya mraba, laini kwa kugusa. Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Angalia na mikono: mafuta ya nazi au jasho yakigusa karatasi, kalamu inaruka na rangi za maji hazishiki. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja unapochora.

Kuchuja ni kosa la wino. Kalamu nyingi za jeli na za rangi za watoto zina wino unaoyeyuka kwa maji hata baada ya siku tatu. Unachohitaji ni wino wa pigmenti, ambao ukikauka hauyeyuki tena. Kalamu za aina hiyo zinazotumika sana ni Micron za kampuni ya Sakura ya Japani. Makapeni ya kudumu nayo hayachuji kwa maji, lakini yanapenya mpaka upande wa pili. Biro ya kawaida haichuji sana, ila ina tabia ya kuacha vidonge vya wino mwanzoni mwa mstari. Futa ncha kwa tishu kila baada ya mistari michache.

Usiamini maandishi ya kwenye kalamu. Chora mistari mitano kwenye kipande cha karatasi ileile, acha saa moja, pitisha brashi yenye maji mara tatu. Maji yakibaki meupe, endelea. Yakigeuka kijivu, kalamu hiyo itumike baada ya rangi za maji, si kabla: paka rangi kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo uchore juu. Ukigusa karatasi kwa mgongo wa mkono ukahisi ubaridi, bado haijakauka.

Karatasi ikijikunja baada ya kupakwa, ibandike pande zote nne kwenye plaiwudi kwa utepe wa karatasi wanaoutumia mafundi rangi, na usiibandue mpaka ikauke. Kwa rangi nyingi zenye maji mengi chukua gramu 300.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Nikichora duara lenye petali kumi na mbili, ya mwisho haitoshi au inabaki nafasi. Nakosea wapi?
*Msomaji, Eldoret*

Marahaba. Unakosea kidogo mara nyingi. Bikari yako ikizidi nusu milimita kwa kila hatua, baada ya hatua kumi na mbili umetoka milimita 6, na petali ya mwisho ndiyo inayolipa deni lote.

Usipime petali moja moja. Kata karatasi ya sentimita 15 kwa 15, chora duara la nusukipenyo cha sentimita 6 katikati. Bila kubadili upana wa bikari, weka sindano popote juu ya duara na ukate alama, hamia kwenye alama hiyo, kata nyingine. Hatua sita zinarudi palepale ulipoanzia, kwa sababu nusukipenyo cha duara huingia mara sita kamili kwenye mzingo kikipimwa hivyo. Isiporudi, usiendelee: bikari imelegea. Kaza skrubu, tumia penseli fupi iliyochongwa vizuri, ya H au 2H. HB inachafua na mstari wake mnene.

Sasa kupata kumi na mbili. Kutoka alama mbili zinazofuatana, kata pinde mbili nje ya duara zikutane. Vuta mstari kutoka makutano hayo kupitia kitovu mpaka upande wa pili wa duara. Mstari mmoja unakupa alama mbili mpya, kwa hiyo mitatu inatosha. Ukitaka nane, usihangaike na hayo yote: kunja karatasi ya mraba mara mbili katikati na mara mbili kwa kona, mikunjo inakupa mistari yote.

Ongeza duara za ndani zenye nusukipenyo cha sentimita 1, 2, 3.5 na 5. Petali zikae kati ya duara mbili, ncha ya kila moja ikigusa mstari wake. Na hapa kuna mbinu ambayo inaokoa kazi nyingi: usizichore kwa kufuatana. Chora ya saa kumi na mbili, kisha ya saa sita, ya saa tatu, ya saa tisa, ndipo ujaze zilizo katikati. Tofauti ndogo za mkono zinagawanyika pande zote badala ya kulundikana mahali pamoja. Maliza safu nzima kabla ya kuhamia inayofuata.

Tundu la sindano lisikue: bandika kipande kidogo cha manila juu ya kitovu kwa utepe wa karatasi, ukibandue duara zikiisha. Mistari ya penseli ifutwe dakika 15 au zaidi baada ya wino, na sehemu zilizojazwa nyeusi tupu zipe saa nzima. Raba inafifisha wino hata ulio mkavu, kwa hiyo ipitishe kwa wepesi. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka penseli nyepesi.

Michoro hii ya duara inaitwa mandala. Nimeambiwa ni ya ibada za dini nyingine. Nina wasiwasi.
*Msomaji, Unguja*

Ni kweli, mandala zina nafasi katika ibada za Wahindu na Wabuddha. Lakini kugawa duara kwa bikari hakuna mwenyewe. Milango ya Mji Mkongwe hapo kwenu ina mawaridi ya duara yaliyogawanywa kwa petali, na misikiti ya dunia nzima ina nyota za pembe sita, nane na kumi na mbili zilizotoka kwenye bikari na rula. Chora hizo. Au achana na duara kabisa ufuate bendi, kama mshona kofia wa viua anavyorudia pambo moja kuzunguka mzingo mzima.

Penseli zangu za rangi zinatoa rangi hafifu. Nikikandamiza, karatasi inang'aa kama nta na haikubali rangi nyingine. Zikichanganyika zinakuwa tope.
*Msomaji, Mwanza*

Inang'aa kwa sababu ni nta kweli. Penseli nyingi za rangi zimefungwa kwa nta, na ukikandamiza mara ya kwanza unajaza vinyweleo vya karatasi. Tabaka la pili halina pa kushika. Kaa na ncha kali, mkono mwepesi, miduara midogo midogo, na upake tabaka tatu au nne, kuanzia rangi nyepesi kwenda nzito. Kukandamiza kunakuja kwenye tabaka la mwisho tu. Seti za bei ya chini sana zina rangi kidogo ndani ya nta nyingi, na hapo hata mkono mzuri haufui dafu. Afadhali penseli sita nzuri kuliko thelathini na sita za kubahatisha.

Tope linatoka kwenye rangi zinazopingana: nyekundu na kijani, bluu na chungwa, njano na zambarau. Zikipakwa juu ya nyingine zinauana na kuwa kahawia. Zikikaa jirani bila kupandana, kila moja inaipandisha mwenzake. Kama huna uhakika, itazame kanga nzuri: pindo na mji vinajengwa kwa rangi chache tu, na bado inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Chagua rangi tatu na nyeusi kwa kila kazi.

Kalamu itangulie penseli za rangi siku zote. Ukichora kwa kalamu juu ya nta, inaziba ncha, na kalamu ya 0.3 ikishaziba hairudi. Ukungu mweupe ukitokea juu ya rangi nzito baada ya wiki kadhaa, hiyo ni nta imepanda juu. Ifute taratibu kwa kitambaa laini.

Je, inatibu kukosa usingizi?
*Msomaji, Maskati*

Haitibu, na anayekuuzia seti ya kalamu kwa ahadi hiyo anakuuzia ahadi. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uliofanywa kwa wanafunzi 84 wa chuo: waliopaka rangi kwenye mandala au kwenye mistari ya mirabaraba walipungukiwa na wasiwasi kuliko waliopewa karatasi tupu. Ni nafuu ya wakati ule, si dawa. Usingizi ukikosekana wiki kadhaa, muone daktari.

Kama burudani ya kabla ya kulala, fanya dakika 20, nakshi moja tu, simu ikiwa chumba kingine. Vuta mistari mirefu ukitoa pumzi. Vidole vikiuma, unashika kalamu kwa nguvu mno au hugeuzi karatasi. Geuza karatasi, mkono ubaki palepale.

Nataka kufanya nakshi kubwa za rangi kali za ukutani, kama Tingatinga. Nitumie nini?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Alichotumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 hapo mjini kwako: hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli. Kata hadibodi ya sentimita 60 kwa 60 au ndogo zaidi, ipige msasa laini, ipanguse vumbi. Paka rangi moja ya chini tabaka mbili nyembamba, kila moja ikauke usiku kucha. Ukiweka tabaka nene moja badala ya mbili, juu inakauka na chini inabaki mbichi, kisha inakunjamana.

Nukta zinapigwa kwa kitako cha brashi, kichwa cha msumari au kijiti cha kiberiti. Chovya upya kila baada ya nukta mbili au tatu, la sivyo zitapungua ukubwa kadiri unavyokwenda. Wengine hulitumia hilo kwa makusudi kuchora mikia ya ndege. Rangi ikiwa nzito inavuta uzi. Ongeza thina matone machache tu, maana ikizidi nukta zinatambaa na kuungana. Bodi ilale bapa mezani mpaka ikauke. Fanyia kazi barazani au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na watoto, na brashi zioshwe kwa thina papo hapo, kwani rangi hii ikishagandia kwenye nywele za brashi hakuna sabuni itakayoitoa.