Acha Kupiga Enta Mara Tisa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mitindo ya Maandishi

Mhariri, salaam. Nina mswada wa riwaya wa sura 31 katika Microsoft Word. Kila aya nimeiingiza ndani kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara tano, na kila sura nimeisukuma ukurasa mpya kwa kupiga Enta mpaka ifike. Mchapishaji anataka Times New Roman, pointi 12, mistari iachane maradufu. Nikibadilisha tu, vichwa vinaangukia katikati ya ukurasa. Naanzia wapi? – Msomaji, Tanga

Vichwa vinahama kwa sababu hakuna kinachoviamuru vikae juu. Enta tisa ni aya tisa tupu. Ukiachanisha mistari, kila aya tupu inanenepa nayo, na kichwa kinateremka. Dawa ni mtindo, yaani jina unaloipa aya kulingana na kazi yake (kichwa, aya ya kawaida, barua), kisha mwonekano wote ukahifadhiwa chini ya jina hilo.

Safisha kwanza, tena kwenye nakala, si kwenye faili lenyewe. Kama mistari mitupu ndiyo iliyokuwa ikitenganisha matukio ndani ya sura, pita uweke alama ya # kila mahali pa namna hiyo, maana hatua inayofuata itaifagia yote. Bonyeza Ctrl+H. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika ^p^p (^p ni alama ya mwisho wa aya), cha kubadilishia andika ^p, na urudie mpaka programu iseme haikuona kitu. Kisha tafuta nafasi mbili, weka moja, urudie vilevile. Mwisho tafuta ^p ikifuatwa na nafasi moja, weka ^p peke yake. Zile nafasi tano zimekwisha.

Sasa fungua kidirisha cha mitindo kwa Ctrl+Alt+Shift+S, ubofye kitufe cha mtindo mpya kilicho chini yake. Upe jina "Mswada Aya", aina yake iwe ya aya. Fonti Times New Roman, pointi 12. Ingia "Format", kisha "Paragraph": mpangilio wa kushoto, mstari wa kwanza uingie sentimita 1.27, nafasi kabla na baada ya aya iwe sifuri, mistari iachane maradufu. Hiyo sifuri usiisahau. Word tangu toleo la 2013 huweka pointi 8 baada ya kila aya bila kuombwa, na ndiyo sababu miswada mingi ina mianya isiyoeleweka imetoka wapi.

Mtindo wa pili ni "Mswada Aya ya Kwanza", kwa aya inayofungua sura. Uegemeze kwenye "Mswada Aya", ubadilishe kitu kimoja tu: mstari wa kwanza usiingie ndani. Hapo kwenye mtindo wa aya inayofuata chagua "Mswada Aya". Wa tatu, "Mkato", ni wa ile alama ya #: uweke katikati, nao ufuatwe na "Mswada Aya ya Kwanza".

Kichwa cha sura usikiundie mtindo mpya. Rekebisha "Heading 1" uliopo, kwa sababu yaliyomo na kidirisha cha kuvinjari sura humtafuta huyo. Bofya kulia, chagua "Modify", na kwenye mipangilio ya aya, ukurasa wa pili wa dirisha, weka tiki kwenye "Page break before". Nafasi ya juu iwe pointi 96, na aya inayofuata iwe "Mswada Aya ya Kwanza". Sasa jaribu: Ctrl+Alt+1, andika "Sura ya Kumi", piga Enta, andika aya, piga Enta. Kichwa kimekwenda ukurasa mpya chenyewe, aya ya kwanza imekaa ukingoni, ya pili imeingia ndani, nawe hujagusa kipanya.

Kwa maandishi ya zamani, chagua yote kwa Ctrl+A, piga Ctrl+Q kuondoa mipangilio ya aya iliyowekwa kwa mkono, upake "Mswada Aya", halafu urudi kwenye vichwa na mikato. Usipige Ctrl+Spesi juu ya mswada mzima. Itafuta italiki zako zote. Na kuna mtego mwingine hapa: ukipaka mtindo juu ya aya ambayo zaidi ya nusu yake ni italiki, Word huiondoa ikidhani ndiyo sura ya zamani ya aya. Maneno mawili matatu huyaacha. Kwa hiyo barua au ndoto iliyoandikwa yote kwa italiki ipe mtindo wake, uuite "Barua".

Nilikoza aya moja tu, aya zote za kitabu zikakoza. Kompyuta ina virusi? – Msomaji, Nakuru

Haina. Mtindo huo una tiki kwenye "Automatically update", ambayo hufanya badiliko la aya moja liwe amri kwa zote. Piga Ctrl+Z, fungua "Modify", uitoe. Sioni mswada unaoihitaji.

Naandaa diwani ya tarbia. Kila mshororo naupigia Enta, lakini beti zinakatwa: mishororo miwili chini ya ukurasa, miwili juu ya unaofuata. Na ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo) haupangiki wima. – Msomaji, Lamu

Kwa Word, kila unapopiga Enta umeanza aya mpya, na aya nne hazijui kwamba ni ubeti mmoja. Piga Shift+Enta mwisho wa mshororo, na Enta mwisho wa ubeti tu. Ubeti ukawa aya moja. Kisha unda mtindo "Ubeti": mstari wa kwanza usiingie, nafasi ya pointi 12 baada ya aya, na tiki kwenye "Keep lines together". Ubeti usipotosha chini ya ukurasa utahama wote.

Mpangilio uwe wa kushoto. Ukichagua ule wa kunyoosha kingo zote mbili, mstari unaoishia na Shift+Enta unavutwa hadi ukingo wa kulia, na maneno yanaachana kama meno ya mzee.

Utao uupange kwa tabo (kitufe cha Tab), si kwa nafasi, kwa kuwa herufi za Times New Roman hazilingani upana: "i" na "m" hazichukui mahali sawa. Ndani ya mtindo, "Format", kisha "Tabs", weka kituo kimoja kwenye sentimita 7. Halafu andika: *Kalamu naishikia,* tabo, *wino nauchovyachovya.* Mizani (silabi) nane huku, nane kule, na utao wote unaanza kwenye mstari mmoja wa wima, hata ukibadilisha fonti kesho. Mshororo wako mrefu kabisa ndio uupime kwanza. Ukwapi ukivuka sentimita 7, tabo itaruka kwenda kituo kinachofuata. Sogeza kituo mpaka 8 ndani ya mtindo, na diwani nzima itafuata.

Utenzi wa mizani nane hauhitaji tabo. Tungo za mistari mirefu isiyotosha upana wa ukurasa ni jambo jingine: hapo rudi kwenye Enta kwa kila mstari, mabaki ya mstari yaingizwe ndani sentimita 1, na mistari yote isipokuwa wa mwisho wa ubeti iwe na "Keep with next", yaani usitengwe na unaoufuata. Maana yake mitindo miwili badala ya mmoja. Ni kazi zaidi, ila ndiyo njia ya kumwonyesha msomaji kwamba mstari umekunjwa, haujaisha.

Na tamthilia? – Msomaji, Zanzibar

Mitindo miwili inayoitana. "Mhusika" ifuatwe na "Maneno", na "Maneno" ifuatwe na "Mhusika". Kila Enta inakupeleka kwa mwenzake. Weka "Keep with next" kwenye "Mhusika", jina lisibaki peke yake chini ya ukurasa. Maelekezo ya jukwaani yape mtindo wa tatu, wa italiki.

Mswada wangu wote una mistari myekundu chini ya maneno. – Msomaji, Dodoma

Programu inakusoma kama Mwingereza asiyejua kuandika. Lugha nayo huhifadhiwa ndani ya mtindo: "Modify", "Format", "Language", chagua Kiswahili. Kama kompyuta haina kamusi yake, weka tiki ya kutokagua tahajia. Toa pia tiki ya kutambua lugha kiotomatiki. Tazama pia masahihisho ya kiotomatiki: anayeorodhesha (a), (b), (c) hujikuta na alama ya hakimiliki kwenye nafasi ya tatu.

Sina Word, natumia LibreOffice. Na je, lazima niunde haya yote kila mswada? – Msomaji, Bujumbura

LibreOffice Writer inayafanya yaleyale. Ctrl+M huondoa mapambo ya mkono, italiki zikiwemo. Mitindo hufunguliwa kwa F11. Ina pia mitindo ya ukurasa, ambayo Word haina. Humo ndimo unamoweka A4, sentimita 21 kwa 29.7, na pambizo za 2.54 kila upande. Mtumiaji wa Word ahakikishe karatasi yake si "Letter", ambayo ni 21.59 kwa 27.94. Ukiacha hiyo, hesabu ya kurasa kwako na kwa mchapishaji haitalingana.

Huundi upya. Futa maandishi yote, uache mitindo, hifadhi faili kama kiolezo: .dotx kwa Word, .ott kwa LibreOffice. Ukikibofya mara mbili kinafungua hati mpya isiyo na jina, mitindo yote ikiwa ndani. Na maandishi yanayotoka WhatsApp au kwenye tovuti yabandike kama matini matupu, Ctrl+Alt+Shift+V kwenye LibreOffice, la sivyo yanakuja na fonti na rangi za kwao.