Baba watoto hataki daftari hata moja litoke

SWALI: Shikamoo shangazi. Tumepanga Mbagala, vyumba viwili na sebule. Januari hii ya 2026 mwanangu wa kwanza anaingia darasa la sita, binti wa kati anaingia la tatu, na mdogo anaanza awali. Chini ya vitanda kumejaa vitabu na madaftari tangu mkubwa yuko la kwanza. Nikigusa, baba yao anafoka: "Vitawafaa wadogo zake!" Asubuhi za shule nazo ni vurugu tupu, mara soksi haionekani, mara mkanda. Nianzie wapi?
Mama wa watatu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia hapo hapo penye ugomvi, chini ya vitanda. Soksi zitangoja.

Mkumbushe mumeo, tena kwa upole, kwamba mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Mwaka ule mkubwa wako alikuwa la nne, akaendelea na ule wa zamani. Binti ndiyo kwanza anaingia la kwanza, akaanza na mpya. Kwa hiyo vitabu vya la tatu alivyosomea kaka yake mwaka 2023 si vya kutegemea darasani, hata kama vimefunikwa gazeti vizuri namna gani. Hata safari zao si moja: kaka anamaliza la saba 2027, dada, kwa mtaala mpya, ataishia la sita, 2029. Vitabu vya hadithi na kamusi bakiza, hivyo havina mtaala.

Madaftari ya la tano mkubwa ayatunze, atayarudia akijiandaa na la saba. Ya la kwanza hadi la nne yatoke. Kwanza chomoa kurasa tupu, zishone kwa uzi, mdogo apate pa kuchorea. Yaliyobaki yawashie jiko la mkaa. Usimpelekee mama vitumbua afungie; wino wa biki na mafuta ya moto haviendi pamoja, ingawa wote tumekula hivyo.

Sare wajaribishe leo, wavae mbele yako. Kaptula ikibana au pindo la sketi likitaka kushushwa, wahi fundi sasa, maana shule zikikaribia kufunguliwa mafundi hawakamatiki. Soksi za shule zinafanana, ndiyo maana zinagombaniwa: tia mshono wa uzi wa rangi nchani, mwekundu wa kaka, kijani wa dada. Kisha misumari mitatu karibu na mlango, wa mdogo uwe chini anapofika mwenyewe, pakae begi, sweta na mkanda. Mwombe mwenye nyumba kwanza. Wengine ni wakali kwa ukuta kuliko kwa kodi.

Cheti cha kuzaliwa cha mdogo kitoe kopi, halisi kikae kwenye faili moja na kadi za kliniki na ripoti za shule. Si chini ya godoro, mwanangu. Mdogo bado ana ajali za usiku.

Na baba yao usimwendee na kiroba mkononi, atapanda juu bure. Mwekee kiti Jumapili mchana, achague mwenyewe cha kubaki. Ila boksi la kuwekea liwe moja tu.