Kadi ya NHIF: hesabu vidonge kwanza, saini baadaye

Watu huficha kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ndani ya pochi kama hati ya kiwanja, halafu wanafika hospitalini na kusaini fomu ya matibabu bila kuitupia jicho. Hapo ndipo Mfuko unapoweza kudaiwa dawa na vipimo ambavyo hukupata, na ni hela za wote: kila mwezi mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3.

Fomu hiyo ni ile ya 2A na B. Hujazwa jina lako, namba ya kadi, tarehe na ugonjwa, kisha gharama za kumwona daktari, vipimo na dawa. Sehemu ya mgonjwa ni jina, namba ya simu na saini. Kosa linaloongoza ni kusainishwa mapokezi fomu ikiwa bado nyeupe, eti usisumbuke kurudi dirishani. Kataa kwa upole: "Samahani dada, nitasaini nikishapata dawa." Ni haki yako, na mhudumu mwaminifu hatakasirika.

Ukipewa dawa, hesabu palepale. Mtu mzima mwenye malaria anayeandikiwa dawa mseto ya ALu humeza vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, yaani 24. Kapsuli moja mara 3 kila siku, kwa siku 5, ni 15. Fomu ikionyesha 48 au 30, omba isahihishwe mbele yako. Angalia na vipimo: kama ulitobolewa kidole tu kupima malaria, kipimo cha mkojo kimeingiaje? Kituo kinachotumia kompyuta badala ya karatasi, omba uonyeshwe kilichoandikwa kabla hujathibitisha.

Dawa ikikosekana, usikimbilie kununua. Omba fomu 2C, ile ya kuchukulia dawa nje ya kituo, hakikisha imesainiwa na kugongwa muhuri, uende nayo duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Ukishanunua kwa hela yako, kurudishiwa ni safari ndefu.

Ukiambiwa "kadi imekataa", uliza imekataaje. Kama haisomi kwa sababu imechubuka, namba iliyoandikwa juu yake inaweza kuingizwa kwa mkono. Kama imefungwa, kuisugua hakusaidii: mara nyingi mwajiri hajapeleka michango, mkataba wa kazi umeisha, au mtoto ametimiza miaka 18 na taarifa zake hazijahuishwa. Piga 199, ni bure, ujue sababu kabla ya kupanda gari kwenda ofisini. Na mwenye kliniki ya kila mwezi ahakiki kadi siku kadhaa kabla ya tarehe, asingoje asubuhi ya kliniki.

Sasa kuazimana. Tunajua inavyouma kumwona mdogo wako anahema kwa nimonia nawe una kadi mkononi. Lakini akitibiwa kwa jina lako, kundi lake la damu, kisukari chake na dawa zinazomdhuru vinaingia kwenye faili lako. Siku ukiletwa hujitambui, daktari atasoma mwili wa mtu mwingine. Tena ni udanganyifu, na unaweza kufungiwa kadi, wewe na wategemezi wako. Mpeleke hospitali ya serikali, uombe kumwona afisa ustawi wa jamii. Wasio na uwezo husikilizwa hapo.

Namba ya kadi nayo ni siri. Piga picha pande zote mbili uhifadhi kwenye simu, usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Usiiache kadi mapokezi "mpaka utakapotoka": ikishasomwa, irudi mkononi mwako.

Ikipotea, nenda polisi siku hiyohiyo uchukue taarifa ya upotevu, kisha upite kwa mwajiri au ofisi ya NHIF na kitambulisho chako. Omba namba izuiwe kwanza, ndipo mzungumzie kadi mpya. Ukiacha kazi, rudisha kadi zote, yako na za wategemezi, na uandikiwe kuwa umezikabidhi. Karatasi hiyo itunze: kadi ikija kutumika baada ya tarehe hiyo, ndiyo itakayokutetea.